Hesabu ya mnyororo: Maksai wa Tura na gogo la kilo 120

Mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua za Novemba hazijaanza kunyesha katika kata ya Tura, wilayani Uyui mkoani Tabora, kazi kubwa ya jozi ya maksai si kulima bali kuburuta. Kuni za mabani ya kukaushia tumbaku zinatakiwa ziwe zimefika nyumbani, na nguzo za kujengea nazo zinasubiri. Kwa mkulima asiye na tela njia ni moja: gogo linafungwa mnyororo, mnyororo unafungwa kwenye nira, na safari inaanza.

Tatizo ni kwamba kipindi hicho ndicho ambacho maksai wanakuwa wamekonda. Nyasi zimekauka, maji yako mbali, na wiki chache baadaye wanyama hao hao watatakiwa kuvuta plau. Mkulima aliyewachosha kwa magogo mwezi Oktoba analima kwa kuchelewa mwezi Novemba, na kila anayelima mahindi au karanga Tabora anajua kuchelewa wiki mbili kunavyoonekana ghalani.

Wakulima wengi hutafuta nafuu kwa kupunguza ukubwa wa gogo, au kwa kuongeza fimbo. Ni wachache wanaoangalia urefu wa mnyororo. Wengine hufunga kamba ndefu, mita 10 au zaidi, kwa imani kwamba gogo likiwa mbali ng'ombe hataliona zito. Hesabu inaonyesha kinyume chake, na ni hesabu ambayo mtu mwenye futikamba na mizani ya kuning'iniza anaweza kuifanya mwenyewe chini ya mti.

Mahali pa kutua mzigo

Tura ni mahali panapofaa kwa hesabu ya aina hii, kwa sababu hata jina lake linahusu mzigo. Mwingereza Richard Burton, aliyepita hapo mwaka 1857 kabla ya kuingia Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba mwaka huo, aliandika kwamba maana ya jina hilo ni kutua, kuweka mzigo chini. Msafara uliotoka pwani ulikuwa umevuka Ugogo, kisha pori la Mgunda Mkali, na Tura ilikuwa ndiyo makazi ya kwanza ya Unyamwezi. Wapagazi walikuwa na kila sababu ya kutua.

Mpagazi wa wakati huo alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, begani au kichwani, mbali na vitu vyake mwenyewe. Mzigo wa begani hausuguani na ardhi, lakini uzito wote unakaa juu ya mtu. Kuburuta ni kinyume: ardhi inabeba uzito, na mvutaji anapambana na msuguano peke yake. Kwa nini basi misafara haikutumia wanyama wa kuvuta? Sababu kubwa ilikuwa mbung'o. Wamisionari wa London Missionary Society walijaribu mwaka 1877 kutoka pwani na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Ng'ombe wakafa, na magari hayakufika Unyamwezi. Biashara iliendelea kutembea kwa miguu ya watu hadi reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912.

Namba ya msuguano

Kitu kinapoburutwa juu ya ardhi, ardhi inakishika. Nguvu hiyo ya kushika ndiyo msuguano. Wafaransa wawili, Guillaume Amontons mwaka 1699 na Charles Coulomb mwaka 1785, walieleza kanuni zake, na hadi leo zinatumika kwa kazi nyingi za kawaida. Msuguano unaongezeka kulingana na jinsi kitu kinavyoikandamiza ardhi. Kikikandamiza mara mbili zaidi, msuguano nao unakuwa mara mbili. Upana wa sehemu inayogusa ardhi hauna uzito mkubwa katika hesabu, mradi ardhi ni ngumu.

Ili kuipata namba ya msuguano ya njia yake, mkulima achukue kipande cha gogo la aina ile ile, akipime kwa mizani ya kuning'iniza. Tuseme kina kilo 10. Kisha akilaze njiani, afunge ndoana ya mizani kwa kamba na kukivuta polepole, kamba ikiwa sambamba na ardhi. Mizani ikisoma kilo 6 wakati kipande kinatembea, namba ya msuguano ni 6 kwa 10, yaani 0.6. Juu ya udongo mkavu uliokanyagwa, mti hutoa namba isiyo mbali na hiyo, ingawa kila njia ina yake na ni vizuri kupima kuliko kukisia.

Sasa chukua gogo la mtundu lenye urefu wa mita nne na unene wa sentimita 22, ambalo likiwa limekauka kiasi linaweza kufikia kilo 120. Likivutwa kwa kamba iliyolala sambamba na ardhi, maksai watahitaji nguvu ya 0.6 mara 120, ambayo ni kilo 72. Maana yake ni nguvu ile ile ambayo ingetakiwa kuninginiza kilo 72 kwenye kamba.

Je, maksai wanaiweza? Kanuni inayotumika kwa wanyamakazi ni kwamba ng'ombe anaweza kuvuta kwa saa kadhaa mfululizo nguvu ya karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake, au zaidi kidogo. Jozi ya maksai wa kienyeji wenye kilo 300 kila mmoja ina kilo 600, hivyo nguvu yao ya kutwa ni kati ya kilo 60 na 66. Kwa dakika chache wanaweza kuvuta mara mbili ya hiyo, lakini si kwa kilometa mbili za kutoka porini. Kilo 72 ziko juu ya uwezo wao, na ndiyo maana wanasimama njiani.

Mnyororo unaopanda

Kwa kawaida mnyororo haulali sambamba na ardhi. Unatoka kwenye gogo, chini, na kupanda hadi kwenye nira, juu ya mabega. Kwa kupanda huko unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: unavuta mbele na unanyanyua kidogo. Kule kunyanyua kunapunguza uzito unaokandamiza ardhi, na msuguano unashuka.

Lakini hakuna cha bure. Kadiri mnyororo unavyosimama, ndivyo sehemu ya nguvu inayokwenda mbele inavyopungua. Mnyororo ukisimama wima kabisa, ng'ombe watakuwa wananyanyua gogo tu bila kwenda popote. Kati ya kulala na kusimama pana mahali ambapo nguvu inayotakiwa ni ndogo kuliko pengine pote.

Vitabu vya shule hufanya hesabu hii kwa nyuzi za pembe, na wengi waliisahau siku walipomaliza mtihani. Inaweza kufanywa kwa futikamba. Pima urefu wa mnyororo kutoka gogo hadi nira. Pima kimo, yaani tofauti kati ya urefu wa nira kutoka ardhini na mahali mnyororo ulipofungwa kwenye gogo. Kisha pima umbali wa chini, ardhini, kutoka chini ya nira hadi kwenye gogo. Zidisha namba ya msuguano kwa uzito wa gogo, kisha kwa urefu wa mnyororo. Jibu hilo ligawe kwa jumla ya umbali wa chini na kimo kilichozidishwa kwa namba ya msuguano. Unachopata ni nguvu inayotakiwa.

Kwa maksai ambao nira yao iko mita 1.2 kutoka ardhini, na gogo limefungwa sentimita 20 juu ya ardhi, kimo ni mita moja. Mnyororo wa mita 3 utakuwa na umbali wa chini wa mita 2.83. Basi 0.6 mara 120 mara 3 ni 216. Upande wa pili, 2.83 kujumlisha 0.6 ni 3.43. Gawanya 216 kwa 3.43, unapata kilo 63.

Kamba ya mita 12 kwa hesabu hiyo hiyo inadai karibu kilo 69. Ya mita 6 inadai kilo 66. Ya mita 3, kilo 63. Na ya mita 2, ambayo inapanda kwa nyuzi 30, inadai kilo 62 tu. Hapo ndipo penye nafuu ya mwisho. Kwa namba ya msuguano ya 0.6, mwinamo ulio bora kuliko yote ni wa nyuzi 31. Ukipita hapo nguvu inaanza kupanda tena, na kwa nyuzi 60 inafika karibu kilo 71, yaani faida yote imeliwa.

Msomaji makini ataona kwamba tofauti kati ya mita 2 na mita 3 ni kilo moja na kidogo tu. Ni jambo jema kwa mkulima, maana mnyororo wa mita 2 una hatari mbili. Kwanza, gogo linakaribia mno miguu ya nyuma ya ng'ombe, na kwenye mteremko linaweza kuwagonga. Pili, ule uzito unaonyanyuliwa haupotei hewani. Unakaa kwenye shingo. Kwa mnyororo wa mita 3, theluthi moja ya kilo 63, yaani kilo 21, inaikandamiza nira kuelekea chini, kilo kumi na nusu kwa kila ng'ombe. Kwa mnyororo wa mita 2 ni kilo 31. Shingo yenye kidonda haitavuta plau mwezi Novemba, kwa hiyo anayefuata jibu la kitabu bila kuangalia shingo anajitafutia hasara. Mita 3 ndiyo inayofaa, au tatu na nusu kwa ng'ombe warefu.

Pana jambo jingine ambalo hesabu haionyeshi vizuri. Mnyororo unapofungwa karibu na ncha ya mbele ya gogo, kule kunyanyua kunatokea mahali panapohitajika, kwenye pua. Gogo lililofungwa kwa kamba ndefu huchimba kwa pua yake na kusukuma rundo la mchanga mbele, na hapo namba ya 0.6 haina maana tena. Nguvu inaweza kupanda sana. Kuchonga ncha ya gogo iwe mviringo kwa shoka ni kazi ya dakika kumi na inasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Kuanza, na kusimama

Coulomb aliona kwamba kitu kilichokaa muda kinashika ardhi zaidi kuliko kinachotembea. Kila anayeswaga ng'ombe anajua kwamba kukwamua gogo ni kugumu kuliko kuliendesha. Faida yake kwa hesabu ni kwamba kila kituo njiani kina gharama. Ni bora kupumzisha maksai mahali penye mteremko kidogo, ambapo kuanza tena ni rahisi, kuliko katikati ya mchanga.

Mchanga wenyewe unabadilika. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam nchini Uholanzi walionyesha kwamba mchanga wenye unyevu wa kiasi unaweza kupunguza nguvu ya kuburuta hadi karibu nusu, kwa sababu haurundikani mbele ya kitu kinachoburutwa. Maji yakizidi, nafuu inapotea. Walikuwa wanachunguza mchoro wa kaburi la Kimisri wa karibu miaka 1900 kabla ya Kristo, unaoonyesha sanamu kubwa ikiburutwa huku mtu mmoja akimwaga maji mbele yake. Hakuna mtu Tura atakayemwaga maji ya kunywa njiani mwezi Oktoba. Lakini ikinyesha mvua moja ndogo ya kutangulia msimu, asubuhi inayofuata ni ya kuburutia magogo kwenye njia za kichanga, kabla jua halijakausha. Kwenye udongo wa mbuga ni kinyume: ukilowa unanata, na mwenye busara anangoja.

Plau haifuati kanuni hii

Ni muhimu kutochanganya gogo na plau, kwa sababu minyororo ni ile ile. Nguvu ya plau hailingani na uzito wake, kwani sehemu kubwa inatumika kukata na kugeuza udongo. Kwa plau, mnyororo mfupi unaopanda sana unanyanyua jembe kutoka ardhini na kulifanya liparue juu juu, na mnyororo mrefu unalifanya lizame. Mkulima aliyekata mnyororo wake uwe mita 3 kwa ajili ya magogo asishangae plau ikikataa kuzama. Awe na kipande cha kuongeza, chenye ndoana, na akitoe au kukirudisha kulingana na kazi.

Wafanyabiashara wadogo nao wana la kwao. Gunia la kilo 100 kwenye sakafu ya saruji, tuseme namba ya msuguano ni 0.5. Likivutwa kwa kamba ya mita 1.6 iliyopanda hadi mkononi, sentimita 80 juu ya mahali ilipofungwa, nguvu inayotakiwa ni kilo 45. Mtu akiinama na kulisukuma kutoka nyuma kwa mwinamo ule ule, mikono ikielekea chini, analikandamiza sakafuni badala ya kulinyanyua, na nguvu inafika kilo 81. Ni gunia lile lile na sakafu ile ile. Kuli anayelipwa kwa gunia hana haja ya kueleza kwa nini anavuta, lakini wenye maduka wanaowaajiri vijana wa kusukuma marobota wangefanya vizuri kununua kamba.

Gurudumu na bei yake

Ukweli ni kwamba mnyororo uliopimwa vizuri hauwezi kushindana na gurudumu. Tela lenye magurudumu ya mpira kwenye barabara ngumu ya udongo linadai nguvu ya karibu asilimia 8 ya uzito wote. Tela la kilo 150 lililobeba kilo 500 linahitaji kilo 52 tu. Jozi ile ile iliyokuwa inahangaika na gogo moja inatembea na manne. Ukitaka kuona mwisho wa mambo haya, nenda stesheni ya Tura: behewa la tani 40 juu ya reli tambarare, likishaanza kutembea, linadai nguvu ya kilo 80 hivi, karibu sawa na gogo moja lililofungwa vibaya.

Tuchukulie kaya inahitaji magogo 40 ya kilo 120, jumla kilo 4,800, kutoka pori lililo umbali wa kilometa mbili, na maksai wasivute zaidi ya kilo 63. Kwa kamba ya mita 12 hawatakiwi kuvuta zaidi ya kilo 110 kwa safari, hivyo ni safari 44. Kwa mnyororo wa mita 3 ni safari 40. Safari nne zilizookolewa ni kilometa 16 za kwenda na kurudi, ambazo kwa ng'ombe ni kazi ya siku nzima. Siku moja, kwa kukata kamba. Tela la kilo 500 lingemaliza kazi yote kwa safari 10, kilometa 40, yaani siku mbili na nusu badala ya siku 10.

Siku saba na nusu za maksai zina bei, na bei hiyo inajulikana kijijini: ni kiasi ambacho jirani angelipa kulimiwa ekari zake siku hizo. Mkulima aizidishe, aweke pembeni gharama ya kukodi tela kwa siku tatu, alinganishe. Kununua tela kwa ajili ya kuni tu ni vigumu kulipa; kukodi, au kaya nne kununua moja kwa pamoja na kulitumia pia kwa marobota ya tumbaku na magunia ya mahindi, hesabu yake inakaa vizuri zaidi.

Kuna sharti moja, na Tura linahusu sana. Namba ya asilimia 8 ni ya barabara ngumu. Kwenye kichanga kilicholegea tela linaweza kudai asilimia 20 ya uzito, na hapo maksai hao hao hawatabeba zaidi ya kilo 165 za mzigo. Gogo moja na kipande. Wenye mapori yaliyo ndani ya kichanga wanaweza kujikuta wamelipia tela ili libebe kile ambacho mnyororo ungeburuta. Kwao njia ya kati ni kuburuta gogo kwa mnyororo mfupi hadi kwenye barabara kuu, kutua hapo, na kupakia tela linalosubiri. Mizani ya kuning'iniza iende nao, kwa sababu namba ya msuguano iliyopimwa Septemba, wakati njia ni kavu, si ile itakayokuwepo baada ya mvua ya kwanza.